Mkaguzi Aliyeruka Swali

Wapendwa, kulikuwa na mkaguzi mmoja wa nyaya za faiba, hizi zinazopitisha intaneti kwa mwanga. Kazi yake ilikuwa kupita nyuma ya mafundi na kuona kama wameunga vizuri. Alikuwa na kipimo kidogo cha kushika mkononi, na ole wako ukikigusa.

Kifaa kile kilikuwa na tabia moja. Ukikiwasha, kabla ya lolote, skrini inauliza: "Umesafisha na kupima waya wako mwenyewe?" Maana kipimo kina kipande chake cha waya, ndicho kinachochomekwa kwenye waya wa watu. Chini ya swali pana vitufe viwili: Pima na Ruka. Mwanzoni alikuwa anafuta ncha kwa spiriti, anapima, ndipo anaendelea. Miaka ikapita, kidole kikazoea Ruka. Nani ana muda wa kujipima kila asubuhi?

Siku moja akaenda kukagua zahanati. Fundi wa pale alikuwa kwenye majaribio: akifaulu anaajiriwa, asipofaulu kazi hana. Mkaguzi kamaliza maandazi yake, akawasha kipimo, akaruka swali, akachomeka. Mwanga ukasoma hafifu.

"Kata, unga upya."

Fundi akakata, akaunga. Hafifu. Akarudia mara ya tatu, jasho linamtoka. Hafifu vilevile.

"Samahani, mkuu, labda tuangalie na huo waya wa kipimo."

"Unanifundisha kazi?"

"Hapana, mkuu. Naomba tu."

"Kipimo hakina undugu na mtu. Kusanya vitu vyako."

Fundi akakusanya vitu vyake, akamuaga muuguzi, akaenda zake. Mimi namhurumia sana kijana wa watu.

Wiki iliyofuata akaletwa fundi mwingine, mzoefu. Akapima kwa kifaa chake mwenyewe, akashangaa. "Mkuu, hapa mmeniitia nini? Kazi hii ni safi kabisa."

Mkaguzi akachukua waya wake, akaitazama ncha kwa lenzi. Mafuta ya maandazi! Akapiga simu mbiombio kumtafuta yule fundi. Akapokea dada yake.

"Simu kaniachia mimi. Amekwenda machimboni, na huko mtandao haufiki."

Je, kipimo kilidanganya? Hakikudanganya. Uchafu ulikuwepo kweli. Ulikuwa wa nani?

Sasa tuje kwetu, maana hatukukusanyika hapa kumsema mkaguzi. Sisi ndio hodari wa kupima wenzetu, na hatujiulizi tumekuja na nini moyoni. Mwezi uliopita baraza letu lilimsimamisha Mama Tusekile kuimba kwaya. Alituomba kitu kimoja tu, twende tumsikilize. Hatukwenda. Mwenyekiti wa kikao nilikuwa mimi, mchungaji wenu, na nilikuwa na kinyongo naye tangu aliponipinga mbele ya watu juu ya kiwanja cha kanisa. Kinyongo kile niliingia nacho kikaoni nikakiita uadilifu. Naona aibu kuyasema haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mkaguzi alichelewa. Sisi hatujachelewa, Mama Tusekile bado yuko kwake, nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga. Leo ibada ikiisha sitasimama mlangoni kupeana mikono. Nakwenda kumwomba radhi. Wazee wa baraza, mnaofuatana nami ni nani?