Jua Lililofukizwa Udi

Alitawala katika mji wa Zafarani, enzi ambazo kuta zilisikia na zikajibu, sultani aitwaye Mughira bin Nasibu, mwenye farasi wasiohesabika na subira isiyojaa kijiko. Na katika hazina zake zote, lulu na mazulia na panga zenye mipini ya fedha, hakupenda kitu kama picha moja ya rangi za mafuta iliyoletwa na tajiri mmoja kutoka Ufaransa, nayo ilichorwa mto na daraja la mawe, na kinu cha kusagia ngano, na miti mirefu myembamba iliyojipanga ukingoni, na juu ya hayo yote jua la asubuhi, dhahabu tupu, na pale darajani mtu mdogo kama punje ya mchele, amevaa koti la buluu. Tangu mama yake afariki, Sultani alikuwa hali wala halali, mpaka alipoitazama picha ile usingizi ukamrudia, akaapa kwamba jua lile ndilo dawa yake.

Na kwa kuwa kitu kitukufu hakikai Zafarani bila kufukizwa, akaikabidhi picha kwa Raya binti Mbwarali, mfukizaji wa kasri, mjane ambaye harufu ya nguo zake ilitangulia chumbani na ulimi wake ukaitangulia harufu. Kila Alhamisi Raya alipitisha chetezo chini ya picha mara saba, udi na ubani, moshi ukaipanda mpaka juu, na hakuna siku hata moja aliyopunguza. Ikapita miaka saba, na jua likaanza kufifia. Lilikuwa dhahabu, likawa shaba, likaishia kuwa kama mkate uliosahauliwa juu ya moto, na Sultani akarudi kukesha.

Akamwita Raya mbele ya baraza, akasema, "Ewe binti Mbwarali, nilikukabidhi jua langu, nawe umeliachia lizame. Wanajimu wanasema likizimika nami nitazimika. Basi kama halijarejea Ijumaa baada ya Swala, upanga utaamua baina yetu."

"Maulana, Mungu akuzidishie umri," akajibu Raya, "mimi nimelifukiza kwa udi bora kuliko wa bibi harusi!"

"Basi zidisha!" akasema Waziri Daghari, ambaye hakuna jambo asilolijua ila lile analoulizwa.

Raya akazidisha. Jumatano asubuhi alijifungia na picha, akajaza chetezo pomoni, akapuliza huku machozi yakimtoka, maana aliipenda shingo yake, na nani asiyeipenda yake? Moshi ukatanda, na mara akasikia kikohozi. Akatazama nyuma, hakuna mtu. Akatazama picha, akamwona yule mtu wa koti la buluu amejiziba pua kwa kiganja, na Raya akakumbuka wazi kwamba mwaka wa kwanza mikono yake ilikuwa mifukoni.

Mwingine angekimbia. Lakini Raya alilelewa na watu, na mtu akikohoa hupewa pole kwanza, mengine baadaye. "Pole, bwana," akasema. "Hujambo? Umeamkaje?"

Yule mtu akashusha mkono, akaanza kulia. "Sijambo, bibi," akasema kwa sauti nyembamba, na Kiswahili chake kilikuwa cha kasri hasa, maana alikuwa amekisikiliza miaka saba. "Jina langu Tofili, na picha hii niliichora mimi. Siku nilipoimaliza nilifurahi mno, nikasema, 'Laiti ningekaa hapa milele!' Jini wa kinu akanisikia, akanishika kwa neno langu. Wamepita mbele yangu wafalme na matajiri, na kila mmoja amesema, 'Picha nzuri!' Hakuna aliyeniuliza hali ila wewe."

"Maskini wee! Na jua limekwenda wapi?"

"Halijaenda popote, bibi. Liko chini ya masizi ya udi wako."

Raya akakaa chini kwa kishindo. Miaka saba alikuwa akilizika jua kwa heshima, kwa mkono wake mwenyewe! Akauliza kwa sauti ndogo, "Linatakaswa kwa kitu gani? Marashi?"

"Hapana, hapana! Wala maji, wala sabuni. Nyama ya mkate, ule ulaini wa ndani, usugue nayo taratibu, na pale palipogandamana, utie mate kwenye pamba."

"Mate? Juu ya hazina ya Sultani?"

"Mate ya asubuhi ndiyo bora," akasema Tofili.

Raya akawaza kwamba kufa kwa kutema mate na kufa kwa kutotema ni kufa kulekule, akaleta mkate na pamba, akasugua, akatema, akasugua. Mto ukang'aa. Miti ikawa kijani. Jua likarejea dhahabu. Na alipofika kwenye kinu mlango wake ukafunguka, akatoka jini mkubwa mwenye nyusi nyeupe kwa unga, akapiga chafya tatu zilizoangusha mapazia.

"Asante, mama!" akanguruma. "Majini wa kwenu watapenda udi, mimi nimezoea harufu ya ngano! Miaka saba pua zangu zimeziba. Omba ombi moja. Ukitaka, nitakupeleka sasa hivi nchi ambayo upanga wa Sultani haufiki."

Raya akaigusa shingo yake, akamtazama Tofili pale darajani, na hakika alitamani kwenda. Kisha akasema, "Mtoe yule bwana. Mimi nina watu wa kuniombea, yeye hana hata wa kumuuliza hali."

"Neno lake lilimfunga," akasema jini, "na neno la mwenzake limemfungua."

Jini akarudi kinuni mwake, na Tofili akashuka kutoka kwenye fremu, viatu vyake vikidondosha maji ya mto juu ya zulia. Papo hapo mlango ukavunjwa, maana chafya zile zilisikika mji mzima, akaingia Waziri Daghari na nyuma yake Sultani. "Ametema mate kwenye picha!" akapiga kelele Waziri. "Nimemwona kwa tundu la ufunguo!"

Lakini Sultani hakumsikia. Alisimama mbele ya jua la dhahabu, na mabega yake yaliyokuwa juu tangu jua lilipoanza kufifia yakashuka, akavuta pumzi ndefu, akalia bila haya. "Wazee wetu walitubariki kwa mate," akasema hatimaye. "Mate ya Raya na yawe baraka." Kisha akamwona mgeni, na daraja tupu ndani ya picha, akashtuka. "Na jua? Litakufuata?"

"Jua halikuwa langu, Maulana," akajibu Tofili. "Mimi nililichora tu."

Raya aliposikia hivyo, akacheka mpaka akashika ukuta, na alipomaliza kucheka akaona kwamba bado ana shingo.

Tofili akakaa Zafarani, akasilimu, akapewa nyumba yenye madirisha ya mashariki, akamposa Raya. Raya akamwambia, "Nimekubali, lakini nenda kwanza ukaoge, unanuka udi." Wakaoana kwa ngoma siku saba, na tangu hapo Alhamisi chetezo hupitishwa chini ya nguo za watu, na picha hufutwa kwa mkate. Na Sultani akaweka amri kwamba anayeingia kuitazama amsalimu Tofili kwanza, ndipo aisifu.

Nanyi mliosikia, ikiwa hekaya hii imewapendeza, msiikimbilie kuisifu. Mtafuteni aliyeisimulia, mumuulize kwanza kama amekula.