Wimbo Uliokosa Pa Kuitikia

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu uliotoboka, ule ambao mgeni akibisha hodi unauvuta upesi na kuuficha nyuma ya mlango. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Waliotunga maneno haya waliishi mbali sana na Kalemie ya Kongo, na huenda hawakupata kulisikia hata jina la Ziwa Tanganyika. Lakini walimjua Chérubin kabla hajazaliwa. Walijua kwamba mwenye msala anapita tu, na akiondoka huondoka nao, nawe uliyeutupa wako utalala juu ya mchanga.

Chérubin alikuwa mwana wa Mama Emérance, muuza ndakala, dagaa wa ziwani, katika soko la samaki. Alikuwa na vidole vyepesi, na akilishika gitaa hata jirani aliyenuna alitoka nje kusikiliza. Mungu alimpa kipaji, na pamoja na kipaji akampa mdomo. Mdomo huo ulijua neno moja tu: muziki ni wa Marekani, mwingine wote ni kelele. Rumba ya Kinshasa aliiita muziki wa wazee wenye vitambi, magitaa yakizunguka pale pale kama mbuzi aliyefungwa kambani. Nyimbo zinazovuka ziwa kutoka Kigoma, ambazo dada yake Elsa alizipiga kutwa akipika, alisema zote ni wimbo mmoja uliobadilishiwa shati. Na nyimbo za Kibembe za akina mama wa kanisani, hizo hakuzihesabu kabisa.

"Sikiliza hapa," alimwambia Elsa siku moja, akimsogezea simu sikioni. "Mwanamuke mumoja tu na piano. Ona vile sauti inapanda. Kwetu nani anawezaka ile?"

"Anasema nini?"

"Si lazima kujua."

"Basi hata ng'ombe akilia utasema ni muzuri," alijibu Elsa, akarudi kugeuza bukari lake, ugali wa mchana.

Tusimwonee kijana wa watu. Muziki wa Marekani ni mtamu, na anayebisha hilo ana masikio ya kuzuilia kofia tu. Kupenda si kosa. Kosa la Chérubin ni kwamba hakuweza kukipenda kimoja bila kukitemea mate kingine, na hicho alichokitemea kilikuwa kaburi la baba yake.

Baba yake, Grégoire, alitoka kaskazini mwa ziwa, Ubembe, akahamia Kalemie kuvua. Chérubin akiwa bado mgongoni mwa mama yake, Grégoire aliingia ziwani na wenzake watano. Upepo ukawageuzia boti, na ziwa halikurudisha hata mmoja. Familia zilizotoka kaskazini zilikuwa na desturi yao juu ya msiba wa namna hiyo. Aliyemezwa na maji hana kaburi, kwa hiyo hutungiwa wimbo, na wimbo ndio kaburi lake. Kila mwaka, siku aliyopotea, watu wake hushuka ufukweni asubuhi. Mwimbishaji humtaja kila aliyepotea: alikuwa nani, alichekaje, aliacha nini. Wajane na yatima huitikia. Wajane hawatii neno lao katika mashairi, maana iliaminika kwamba mjane akimtaja mumewe mbele ya maji anamwita arudi, na maji hayarudishi mtu. Kazi yao ni kuitikia na kulia.

Wimbo wa Grégoire na wenzake ulitungwa na rafiki yake, Papa Éliézer, mstaafu wa reli. Ulikuwa mrefu, wa Kibembe cha ndani, na sauti yake ilipinda mahali ambapo hukutarajia. Miaka yote aliuimbisha yeye peke yake. Wajane wengine walikwisha kutawanyika, mmoja hadi Ankoro, wawili walirudi mavumbini, na waliobaki walijua kuitikia tu.

Mwaka jana, masika yalipokuwa yanaisha, Papa Éliézer alikuja nyumbani kwa Mama Emérance akikohoa. Alikuwa mzee mkali, asiyependa chai isiyo na sukari ya kutosha wala kijana asiyesimama kumpa kiti. Chérubin alisimama akampa kiti.

"Kiangazi hii naenda Kirungu kwa binti yangu Annie," mzee alisema. "Kifua yangu imechoka, anataka anichunge. Ule wimbo wa baba yako, kuya niuweke kwako. Si kazi kubwa, we uko na masikio."

"Papa Éliézer, niko na repetisyo ya kuimba kila siku. Kuna mashindano inakuya. Atakayeshinda watamupeleka Lubumbashi, studio."

"Utaimba nini?"

"Ya Amerika."

Mzee alicheka hadi kikohozi kikamshika. "Mi pia niliipendaka! Wakati niko ku gare ya treni tulikuwa na redio. Kulikuwa Mwamerika mumoja na gitaa yake, analilia baba yake, na farasi ya baba yake, na mulango ya nyumba yao. Sikujua Kingereza, padri mumoja njo alitufasiria. Nililia, Mungu ni shahidi. Ule muntu alikuwa anaimba watu yake waliokufa. Sasa we, mwanangu, unaimba watu ya nani?"

Chérubin alitazama chini, lakini mdomo wake haukutazama chini. "Ile ni muziki ya dunia nzima, Papa. Hii yetu inaishia hapa tu, ku ziwa."

"Baba yako pia aliishia hapa ku ziwa," alisema Papa Éliézer, akaitafuta fimbo yake.

Hata hivyo alimngoja. Siku zilipita, chai ilipoa mezani kwake, Chérubin hakutokea. Mwishowe, alipoona safari imekaribia, mzee aliwaita wajane waliobaki uani kwake, akamwambia Elsa aurekodi kwa simu. Aliuimba wimbo wote, akipumzika kukohoa, wao wakiitikia. Elsa aliitoa katika simu ile kadi ndogo ya kuhifadhia nyimbo, ambamo ndimo wimbo ulimorekodiwa, akaiweka katika redio ya mama yake. Mama Emérance aliifunga redio katika kitenge na kuiweka juu ya kabati. Hakuipiga. Alisema kaburi halifunguliwi kila siku. Mzee akapanda gari la Moba, ndiyo njia ya Kirungu, akaenda zake.

Wiki ya mashindano, kadi ya Chérubin mwenyewe iliharibika, nayo ndiyo ilikuwa na midundo yote ya kuimbia. Akapanda juu ya kiti, akaichomoa ile ya mama yake. Aliipeleka kwa Guelord, mwenye kibanda karibu na soko, ambaye kazi yake ni kuwajazia watu nyimbo kwenye kadi zao.

"Imejaa," alisema Guelord, akitazama kompyuta yake. "Kuko nyimbo ya kanisa, na hii moja murefu sana, bamama banalia. Nifute?"

Chérubin alifikiri kidogo. Hilo ndilo linaloniuma mimi katika kisa hiki, kwamba alifikiri. Angefuta kwa kutojua, ningemsamehe mapema. Alijiambia kwamba wimbo ule mzee anao kichwani, na mzee yuko Kirungu, na Kirungu kuna simu.

"Futa," alisema. "Weka zote za Amerika."

Siku ya mashindano aliimba vizuri, kwa kweli aliimba kama chiriku. Watu walipiga makofi. Mmoja wa waamuzi, bwana mnene aliyekuja na wenye mashindano kutoka Lubumbashi, alimwambia kwa upole kabisa: "Umeiga muzuri sana, ndugu. Mwenyewe akisikia atafurahi. Sasa tupe kidogo ya kwenu." Chérubin alisimama na kipaza sauti mkononi, kichwani kweupe. Akatabasamu, akashuka. Kesho yake wenye mashindano walipakia vipaza sauti vyao, wakamchukua binti mmoja aliyeimba Kitabwa cha bibi yake, wakaondoka. Msala ulikuwa umepita.

Ndipo kijana akakumbuka nyumbani, akairudisha kadi katika redio ya mama yake. Siku ya ukumbusho wa baba yake ilikuwa inakaribia. Alipiga simu Kirungu, akijipa moyo. Annie alipokea.

"Hamukupata habari? Papa alipigwa na kiharusi. Anakula, anacheka vizuri. Lakini kichwa, Chérubin, kichwa haiko. Hata mimi ananiita jina ya marehemu mama."

"Mupe tu simu, dada. Tafadhali."

Alisikia pumzi nzito ya mzee. "Papa Éliézer, ni Chérubin wa Grégoire. Nakuomba, uniimbie ule wimbo. Wimbo ya wale walibaki ku ziwa. Unaukumbuka?"

Mzee akaanza kuimba, kwa sauti nyembamba lakini ya hakika, bila kukwama hata kidogo. Moyo wa Chérubin uliruka kwa furaha, halafu ukaanguka. Kilikuwa Kiingereza cha kubahatisha, cha redio ya stesheni. Mzee alikuwa anamwimba yule Mwamerika, na baba yake, na farasi, na mlango. Aliuimba hadi mwisho.

"Nzuri?" aliuliza kama mtoto.

"Nzuri, Papa," alisema Chérubin, na machozi yakamtiririka hadi kwenye simu.

Hakuthubutu kumwambia mama yake. Alidhani atauziba ufa kwa kipaji chake. Alimuuliza Elsa majina ya wale wavuvi, akachukua gitaa, akajifungia ndani kutunga wimbo mwingine. Lakini kila sauti iliyomjia ilipanda kama ya yule mwanamke wa piano. Alichokuwa amejilisha miaka yote ndicho kilichotoka.

Asubuhi ya ukumbusho walishuka ufukweni: Mama Emérance, wajane wawili, Elsa, na Chérubin aliyebeba gitaa. Mama alivua ndara, akaweka redio juu ya jiwe, akafungua kitenge polepole. Akabonyeza. Ngoma nzito za Marekani zikalipuka juu ya maji, na mtu akaanza kufoka kwa Kiingereza. Mama alizima haraka, akacheka kidogo kwa haya. Akabonyeza tena. Ngoma zile zile.

"Chérubin, angaliako hii redio. Imeharibika."

"Haikuharibika, Mama." Alipiga magoti mchangani. "Mimi njo nilifuta. Na Papa Éliézer hakumbuki tena. Nilimupigia. Mama, unisamehe. Lakini nilitunga ingine. Niliweka majina yote."

Elsa alitoa sauti ya mtu aliyepigwa. Wajane wakatazamana. Mama Emérance aliendelea kuitazama ile redio, kana kwamba ikipewa muda ingejirudi.

"Imba basi," alisema hatimaye.

Aliimba. Sauti yake ilikuwa nzuri kuliko siku ya mashindano, na majina yote yalikuwemo. Wale akina mama walisimama kwa mstari kama walivyosimama kila mwaka, midomo imefunguka, wakingoja. Mmoja alijaribu kuingia, akajikuta peke yake, akanyamaza. Mwingine aliinua mkono, akaushusha. Wimbo ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, na popote hapakuwa na mlango wa kuingilia. Jina la Grégoire likatajwa, likapita, na mke wake akawa bado amefunga pumzi anangoja zamu yake. Mara gitaa likanyamaza. Ulikuwa umekwisha.

"Una sauti ya baba yako," mama alimwambia. "Lakini mwanangu, hakukuwa fasi ya kuitika." Aliifunga redio katika kitenge, akavaa ndara zake. "Tuende. Jua inakuwa kali."

Mwaka huu siku hiyo ilipofika, Chérubin aliamka mapema akamkuta mama yake anapanga ndakala kwenye beseni.

"Mama, leo njo siku."

"Najua."

"Hatuende?"

"Niende kwa nani?" aliuliza Mama Emérance. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu. Alijitwika beseni, akaenda sokoni.

Chérubin alishuka peke yake, bila gitaa. Alikaa pale mchangani, akajaribu kukumbuka shairi hata moja la Papa Éliézer. Hakupata. Tangu utotoni alikuwa amesimama katika mstari wa yatima, na alichokishika, bila kukitaka, ni kile kiitikio kifupi tu. Basi akaitikia. Kisha akangoja, kama walivyongoja akina mama, mwimbishaji aanze shairi linalofuata. Aliitikia tena, kwa nguvu zaidi, akangoja. Maji yalikuja yakarudi. Hakuna aliyeimba, wala hataimba mtu tena. Jua lilipomchoma akainuka kwenda zake, akiwa yatima mara ya pili kwa mkono wake mwenyewe. Usiache mbachao kwa msala upitao.