Kuku wa Mize Walikula Nini

Hii alinipa Bi Mwanakombo, shangazi yake mama, tukichambua karafuu barazani kwake. Kila akifika katikati alikuwa anajifunika uso kwa kanga, kama mambo yale kayafanya yeye. Nikimuuliza, "Bi Mwanakombo, unaona haya ya nini?" ananambia, "Chambua karafuu wewe!" Na mimi nikifika pale nitajifunika. Msinicheke.

Haya, nafungua!

— Fungua, bibi!

Nifungue nini?

— Fungua kinywa, tupate kuingia!

Na viatu vyenu?

— Tumevivua mlangoni!

Basi ingieni, kaeni, mwenye kikohozi akohoe sasa.

Zamani hizo, mimi sipo, mama yangu hayupo, hata ule mkorosho wa nyuma haupo, palikuwa na wanawake wawili, Mize na Mosi. Majirani. Ua kwa ua. Huyu akipiga chafya, yule anamwambia afya.

Mosi alikuwa na kidogo. Mize hakuwa na kitu. Mjane, kanga yake ina viraka mpaka hujui ipi kanga, kipi kiraka. Basi Mosi akipika, anapakua bakuli moja, anafunika kawa, anapitia mlango wa uani. "Shoga, onja mkono wangu." Kila siku hivyo. Leo makopa ya muhogo kwa nazi, kesho mseto wa choroko, kesho kutwa ndizi.

Na nyinyi mnajua, bakuli la mtu halirudi tupu. Aibu! Mize anatia ndimu mbili. Hana ndimu, anatia majani ya mchaichai. Siku moja hana hata jani. Akaenda kisimani, akachota, akalijaza maji, akalirudisha kalishika kwa mikono miwili asimwage. Mosi akayanywa yote, akafuta mdomo. "Maji baridi haya, shoga. Umeyatoa wapi?" Kisima ni kilekile anachochota yeye! Lakini alisema hivyo. Ndivyo walivyokuwa.

Sasa sikilizeni.

Siku hiyo, jua la utosi, akaja mzee mgeni, vumbi mpaka kwenye kope, tenga begani, ndani ya tenga kuku jike.

"Hodi hapa."

"Karibu, babu."

"Mwanangu, nina njaa."

Mize akatazama jikoni. Jivu. Akatazama kibandani. Buibui. Kilichokuwepo ni bakuli la makopa, limefika sasa hivi, moshi bado unatoka. La nani? La Mosi. Mize akampa. Mzee akala, akakomba, akalamba kidole kimoja kimoja.

Halafu akamtazama. "Mwanangu, ukipata mali utabadilika?"

Mize akacheka. "Mimi? Nibadilike niwe nani?"

"Nakuuliza tena. Ukipata mali utabadilika?"

"Babu, mimi ni huyu huyu. Mali itanikuta nimekaa hapa hapa."

"Nakuuliza mara ya mwisho."

"Naapa kwa mama aliyenizaa, sibadiliki!"

Yule mzee akashusha tenga. "Basi nitunzie kuku huyu." Akaenda zake, hakuonekana tena.

Kuku akataga. Akaatamia. Akaangua. Mwewe akipita juu, hashuki. Kideri kikiingia kijijini, kuku wa watu wanakufa, kwa Mize hakigusi. Kuku wakawa wengi, wakaleta mbuzi. Mbuzi wakawa wengi, wakaleta ng'ombe. Ng'ombe wakawa wengi, wakaleta shamba la mikarafuu, na nyumba ya chokaa, na mpishi, na kitanda cha kupandia ngazi. Kitanda cha ngazi, wanangu! Mtu analala kama anakwenda dari.

Watu wakamuuliza, "Mize, mali hii umeipataje?"

"Nilimlisha mgeni."

"Ulimlisha nini?"

"Chakula changu."

Changu! Mmesikia? Hakudanganya, msimuonee. Alikuwa keshasahau.

Sasa Mosi yeye ni yuleyule. Akipika, anapakua, anafunika kawa, anapita mlango wa uani. "Shoga, onja mkono wangu." Na Mize anapokea kwa mikono miwili. Hakumfukuza, hakumnunia, hakumwambia ngoja nje. Kama kuna mtu alitaka kusema Mize kapata mali kageuka, angesema nini? Bakuli la Mosi linarudi na nyama, mafuta yanachuruzika pembeni. Mize akilitazama anajisifu moyoni: mnaniona? Sijabadilika mimi.

Siku ya kwanza makopa yalikuja, Mize ameshiba pilau. Akasema nitakula baadaye. Baadaye yakapoa, yakaganda. Akatoka uani mwenyewe, kwa mkono wake huu, akawamwagia kuku.

Mosi akamuuliza, "Makopa vipi, shoga?"

"Matamu! Nimelamba vidole."

Siku ya pili hakuwa ameshiba. Alisikia harufu ya moshi, ya kuni mbichi. Moshi uleule aliokula nao miaka! Akatoka uani, akawamwagia kuku.

"Mseto vipi, shoga?"

"Mtamu! Nimelamba vidole."

Siku ya tatu hakufunua hata kawa. Alikwenda moja kwa moja uani. Na kuku wakimwona na bakuli lile wanakuja mbio, mbawa wazi, wanapandana. Wameshalijua.

Hapa ndipo nilipokwambieni. Ngoja nivute kanga.

Mosi siku hiyo alikuwa amesahau achari ya ndimu. Kafika kwake, kaiona imekaa juu ya kinu, akasema, aa, shoga yangu atakula kikavu. Akarudi nayo mkononi. Akapita mlango wa uani, kama siku zote, bila kelele, kwa sababu kwa shoga yako hupigi kelele.

Akamkuta Mize kainama, anakung'uta bakuli. Kuku wanadonoa.

Mize akainua kichwa. Wakatazamana.

Mosi hakupiga ukelele. Hakutukana. Laiti angetukana! Alichuchumaa, akawatazama kuku, akasema nao kwa upole kabisa: "Kuleni, wanangu. Kuleni. Chumvi imetosha? Nazi mmeisikia? Niliikuna asubuhi. Samahanini, achari nilikuwa nimeisahau." Akaimwaga achari pale chini, mbele yao. Akachukua bakuli lake mkononi mwa Mize, akatoka.

Lilirudi tupu. Kwa mara ya kwanza, bakuli la Mosi lilirudi tupu.

Mize alisimama pale jua likimchoma, hawezi kuingia ndani, hawezi kutoka. Uso unawaka. Alitamani kuku wamdonoe na yeye wammalize.

Mambo ya uani hayakai uani. Watoto wa kijiji, mashetani kama nyinyi, wakatunga wimbo. Mize akipita kwenda kisimani:

Kuku wa Mize, mmekula nini?
— Tumekula makopa ya jirani!
Na bibi yenu kala nini?
— Kala vidole vyake ndani!

Akageuza njia, akapita nyuma ya makaburi. Wimbo ukamfuata. Akaacha kutoka.

Akafanya wanavyofanya wenye mali. Akapeleka. Kwanza pakacha la mchele kwa Mosi. Likarudi na maneno: "Mwambieni Bi Mize, nimeshiba."

Bi Mize! Jana alikuwa shoga, leo Bi Mize. Neno lile lilimchoma kuliko wimbo.

Akapeleka mbuzi. Mbuzi akarudi: "Mwambieni Bi Mize, sina kamba ya kumfungia."

Akapeleka kanga, doti mpya, bado inanukia duka. Ikarudi, imekunjwa vizuri: "Mwambieni Bi Mize, ninayo hii niliyovaa."

Mize akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kile kitanda cha ngazi. Akawaza, nipeleke nini tena? Akahesabu kichwani vyote alivyonavyo, hakuona kinachokwenda. Na njaa anaisikia, maana tangu siku ile kila akipelekewa sahani, anaona kuku.

Adhuhuri akainuka. Akachukua chungu cha samli, akafika nacho langoni, akakitua. Akachukua asali, akafika langoni, akaitua. Akatoka mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Watoto wakamwona, wakaanza: "Kuku wa Mize..." Akapita katikati yao. Hakukimbia.

Hakwenda mlango wa uani. Ule alikuwa hana uso wa kuupita. Alikwenda mlango wa mbele, kama mgeni.

"Hodi."

Ndani sufuria inakwanguliwa.

"Hodi."

Sufuria bado inakwanguliwa.

"Hodi, Mosi."

Mtu akipiga hodi ya tatu, hata kama humtaki, utafanyaje? "Karibu," Mosi akasema, hakugeuka. "Bi Mize leo umeleta nini?"

"Sikuleta kitu."

"Hata yai? Na kuku wote wale?"

"Hata yai."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuomba chakula."

Mosi akageuka. "Wewe?"

"Mimi."

"Kwako kumekwisha?"

"Kwangu kumejaa. Nimekuja kukuomba wewe."

Mosi akacheka, cheko fupi, halina furaha. "Umechelewa. Wenyewe tumekula. Umebaki ukoko."

"Nipe ukoko."

"Umeungua."

"Nipe."

Mosi akakwangua. Kakwangua taratibu, kijiko kinalia krrr, krrr, anamsikilizisha. Hakumtilia chomboni. Akamwekea kiganjani. Mize akala kasimama, kizingitini, ukoko mweusi, mgumu, mchungu, na moshi wa kuni mbichi ndani yake. Machozi yakamfika mdomoni, akayala pamoja.

"Taratibu," Mosi akasema. "Utavunja meno ya kitajiri hayo."

Mize akacheka huku analia, ukoko ukampalia. Mosi akampiga mgongoni. Akampiga kwa nguvu, zaidi kidogo ya inavyotakiwa.

Mnataka kujua kama walirudiana? Bi Mwanakombo aliniambia hivi. Mosi hakupeleka tena chakula nyumba ile. Hata siku moja. Lakini Mize akawa anakwenda mwenyewe, anapiga hodi, anapewa, anakula. Miaka na miaka. Wakazeeka hivyo. Na kila akiingia kwa Mosi aliinama. Mlango ule ulikuwa mrefu, wanangu, mtu na tenga kichwani anapita. Mize aliinama.

Imefika. Iliyonoga wapelekeeni wenzenu, iliyochacha niachieni mimi.

Nini tena wewe? Kama mimi nikitajirika nitabadilika?

Hebu nitazame. Hapana, usinitazame. Siapi mimi. Mtu asiniapishe jambo hilo.

Vuteni shuka. Laleni, usiku umekuwa mwingi.