Chai ya Saa Nne

Sogeeni karibu, lakini asije mtu hapa kusikiliza tu. Kila mmoja aje na hukumu yake, kwa sababu kisa hiki ninakijua chote isipokuwa haki yake iko upande gani.

Palikuwa na ofisi moja mjini Mbeya, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kazi ya ofisi hiyo ilikuwa kuwaandalia wengine mikutano. Mwenye ofisi aliitwa Mama Sarai. Chini yake walikuwa watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Leokadia aliandikisha wajumbe. Kipaji chake kilikuwa kuwajua watu. Ukimpa fomu mia mbili leo, kesho atakusimulia nani anatembelea fimbo, nani hali nyama, nani hapendi kukaa karibu na nani. Mjumbe akifika mlangoni, Leokadia humwita jina kabla hajaangalia orodha, na mtu mzima huyo huingia ukumbini akitabasamu kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu.

Godlisten alishika mitambo. Mtu aliyeko Songea, mwingine Sumbawanga na mwingine ng'ambo, yeye aliwakusanya kwenye skrini moja wakasikilizana kana kwamba wamekaa meza moja. Mtandao ukisuasua, wengine walilaani. Yeye alinyamaza, akainama, na baada ya muda sauti ilirudi.

Anzuruni alipanga kumbi. Ukumbi akiuingia mara moja tu, alijua milango yake yote, swichi zake, ngazi zake, na njia ambayo wapishi hupitishia vyombo. Alikuwa mtu wa maneno machache na funguo nyingi.

Zamani ofisi hiyo ilikuwa na watu tisa. Lakini kazi ilibadilika. Wateja walianza kutaka nusu ya wajumbe waje na nusu waonekane kwenye skrini. Mkutano wa siku tatu wakautaka uishe kwa siku moja. Walithibitisha Alhamisi jambo la Jumamosi. Wahudumu wa mlangoni na wa ukumbini wakaonekana hawahitajiki, mtu ajiandikishe kwa simu yake. Wakaondoka mmoja mmoja, wakabaki hawa watatu, wakifanya kazi ya tisa. Walikuwa wakila mchana sahani moja, na mmoja akiugua wawili walikwenda kumwona. Hilo mlikumbuke, kwa sababu sasa halipo tena.

Mwezi wa tano wakapewa mkutano wa mwaka wa Umoja wa Mafundi Maji. Wajumbe mia moja na arobaini ukumbini, sitini kwenye skrini, na mgeni rasmi, mkubwa mmoja kutoka makao makuu. Ratiba ilisema ufunguzi saa tatu asubuhi, chai saa nne.

Leokadia alipokuwa akipitia fomu, alifika kwenye ya Mzee Ambakisye, fundi mstaafu, mmoja wa walioanzisha umoja huo. Mahali palipoandikwa "mahitaji maalumu", ambapo wengi huacha wazi, mzee alikuwa ameandika kwa herufi zilizonyooka: *Nina kisukari. Nachoma sindano asubuhi. Naomba chai isichelewe.*

Leokadia akaipiga mstari wa kalamu nyekundu, akaipeleka kwa Mama Sarai.

"Chai ni saa nne," Mama Sarai alisema. "Haitachelewa."

Siku ikafika. Saa tatu ikapita. Meza kuu ilikuwa imefunikwa kitambaa, maua yamepangwa, kiti cha katikati kitupu. Saa nne ikapita. Mshereheshaji akawaimbisha watu, akawataka wajitambulishe, akaishiwa. Simu ilisema mgeni rasmi yuko njiani. Saa tano ilipofika, Leokadia alikwenda kwa Mama Sarai kando ya jukwaa.

"Mama, watu wapewe chai. Yule mzee nilikuonyesha fomu yake."

"Mgeni rasmi aingie akute watu wana vikombe mikononi? Itifaki hairuhusu, Leokadia. Kwanza afungue, ndipo watu wanywe."

"Basi nimpelekee mzee peke yake."

"Ukimpa mmoja, mia moja watauliza. Dakika kumi tu. Amefika hapo mjini."

Leokadia alirudi mlangoni. Alikuwa na kikombe cha chai yake mwenyewe chini ya meza ya uandikishaji, kimefunikwa kisosi. Alikitazama. Akakiacha pale pale.

Dakika kumi zikawa saa nzima. Watu wakaanza kusinzia vitini, vichwa vikiangukia mabegani, na Mzee Ambakisye, safu ya nne, naye kichwa chake kikainama.

Hapo ndipo Leokadia alipofanya lake. Alikuwa akitazama ukumbi mzima wa watu waliolala, na mmoja tu kati yao hakuwa amelala. Wote waliompita walidhani mzee anasinzia kama wenzake. Hata aliyekaa naye bega kwa bega alidhani hivyo. Leokadia akakimbia. Akamshika mkono, akaukuta baridi na umelowa jasho, shati nalo limegandamana na mgongo. Akamwita kwa jina mara tatu. Mzee akakoroma tu. "Hajalala huyu!" alipiga kelele. "Sukari yake imeshuka!"

Watu wakajazana. Mmoja akafungua soda, akamwinua mzee kidevu ili ammiminie kinywani. Hapo ndipo Godlisten naye alipofanya lake. Alijua kuwa kati ya wale sitini kwenye skrini yumo Daktari Yusta, aliyekuwa azungumze mchana kutokea Songea kuhusu maradhi ya maji machafu. Lakini mtandao ulikuwa umeelemewa. Picha zilikuwa zinaganda, kwa sababu matangazo ya kumpokea mgeni rasmi yalikuwa yameshaanza kurushwa moja kwa moja kutoka getini. Godlisten hakumwuliza mtu. Akayakata matangazo, akawaondoa wote hamsini na tisa, akambakiza daktari. Akaibeba kamera hadi kwa mzee.

"Acha hiyo soda!" sauti ya Daktari Yusta ilijaa ukumbini. "Hajitambui, itaingia mapafuni, mtamuua! Mlazeni ubavu. Leteni sukari, ilowesheni kidogo, mpakeni ndani ya shavu kwa kidole. Kidogo kidogo. Halafu hospitali sasa hivi, anahitaji dripu. Msisubiri!"

Leokadia akapaka sukari kwa kidole. Wanaume wakambeba mzee hadi mlango mkubwa, na huko wakakwama. Msafara wa mgeni rasmi ulikuwa umefika. Magari tisa yameziba geti, na walinzi wamenyoosha mikono: hakuna kutoka mpaka mkubwa aingie.

Hapo Anzuruni akafanya lake. Mlango wa pembeni ulikuwa umefungwa kwa amri ya walinzi hao hao, na aliyeufunga asubuhi alikuwa yeye. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Akaufungua bila ruhusa. Akamlaza mzee kwenye toroli la kubebea viti, akamsukuma kwa korido ya nyuma, akapita jikoni katikati ya wapishi, hadi uani ilipokuwa pikapu ya mpishi mkuu. Akashusha masufuria ya wali chini kwenye vumbi, akampandisha mzee, na gari likatokea kwa njia ya gari la taka. Daktari wa zamu alisema baadaye: wangechelewa robo saa nyingine, yeye asingekuwa na mgonjwa wa kutibu.

Mzee akapona.

Ukumbini, mgeni rasmi aliingia, watu wakasimama, wakapiga makofi. Kiti cha safu ya nne kilikuwa kitupu na hakuna aliyekitaja. Chai ikaja saa saba, imepoa. Ripoti ya mkutano ilisema ufunguzi ulifana.

Siku ya tatu Leokadia alikwenda hospitali na machungwa kwenye mfuko. Mzee Ambakisye alikuwa ameketi kitandani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nimeambiwa wewe ndiye uliyeniona. Mimi niliandika kwenye fomu. Ilisomwa?"

"Ilisomwa, Mzee. Niliisoma mimi."

"Na huyo mgeni, alipofika, alisema nini?"

Leokadia alitamani kudanganya. "Alituasa tuzingatie muda."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha kicheko kikaisha na akageukia ukutani.

Wiki iliyofuata ikaja barua kutoka Umoja wa Mafundi Maji. Mama Sarai akawaita watatu wao, akaisoma kwa sauti. Umoja umeamua kuanzia sasa kuandaa mikutano yake wenyewe, mingi kwa njia ya skrini, na unahitaji mratibu wa kudumu. *Kwa shukrani, nafasi hiyo tunampa mtu aliyeokoa maisha ya mzee wetu. Tuleteeni jina lake kufikia Ijumaa.*

"Wameandika mtu," alisema Mama Sarai. "Hawakuandika watu. Nimewapigia, wamesema nafasi ni moja. Na mimi nisiwafiche: huo ulikuwa mteja wetu mkubwa wa mwisho. Mwezi ujao ninafunga ofisi."

Chini, dukani, mtu alikuwa anakata bomba kwa msumeno.

"Atajwe Dada Leo," Anzuruni alisema mwishowe. "Asingemwona yeye, sisi wawili tungekuwa tunashughulikia maiti."

"Kumwona si kumponya," Godlisten alijibu taratibu. "Walikuwa wanammiminia soda. Na kazi yenyewe ni ya skrini. Mimi ndiye niliyemleta daktari. Wala sikuachwa salama, nimeandikiwa barua ya onyo kwa kumkata mgeni rasmi hewani."

"Daktari alisema hospitali," Anzuruni akasema. "Hospitali alimfikisha nani? Na mimi nina barua kama yako, kwa kufungua mlango."

"Mlango ulioufunga mwenyewe!"

"Niliamriwa!"

"Sote tuliamriwa. Na wewe, Godlisten," sasa alikuwa ni Leokadia, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza, "nani alimshauri Mama mwaka jana kwamba wahudumu wa ukumbini waondolewe, watu watajiandikisha kwa simu? Wangekuwepo wanne wakipita kati ya viti, mzee angefika kuzimia?"

Godlisten aliinamisha kichwa. Anzuruni ndiye aliyejibu, na hakupaza sauti. Angepaza, isingeuma kama ilivyouma.

"Dada Leo. Sisi wawili hatukujua kama mzee anaumwa. Wewe ulijua. Ulijua tangu wiki moja kabla. Na ulikuwa na kikombe cha chai chini ya meza. Nilikiona nilipokuwa napanga viti."

Leokadia alimtazama Mama Sarai, ambaye amri ilikuwa yake, angalau aseme neno moja. Mama Sarai alikuwa anaikunja barua kwa uangalifu mkubwa, kona kwa kona.

Tangu siku hiyo hawakula pamoja. Godlisten alishinda amevaa vipokea sauti hata pasipo mkutano. Anzuruni alikuja asubuhi, akarudisha funguo moja moja kwa wenye kumbi, akaondoka. Walikuwa na miaka sita ya urafiki, ikaisha katika alasiri moja.

Lakini Leokadia hakulala vizuri, na msidhani ni kwa kuikosa nafasi. Ana watoto wawili na mama mgonjwa. Nafasi aliitaka, aliitaka sana. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba kila alipojipa haki, alikumbuka yale maneno ya kalamu yenye herufi zilizonyooka. Na kila alipojinyima, alikumbuka mkono wa mzee ulivyokuwa baridi, na kwamba katika ukumbi wa watu mia moja na arobaini ni mkono wake tu uliougusa.

Alhamisi jioni Mama Sarai akamwita peke yake. Akamwekea mezani karatasi yenye nembo ya ofisi. Barua ilikuwa imeshachapwa, muhuri umeshagongwa, na palipokuwa na nafasi wazi ni mahali pa jina tu.

"Jaza wewe," alisema. "Wewe ndiye wa zamani kuliko wenzako. Utakaloandika, nitalisaini bila kuuliza."

"Mama, kwa nini usijaze wewe?"

"Mimi nikiandika jina la yeyote kati yenu, mtasema sikuwa na haki." Akachukua mkoba wake. "Na mtakuwa mmesema kweli."

Akatoka, akamwacha Leokadia na kalamu.

Sasa ninyi mliokaa hapa, wakubwa kwa wadogo, msinitazame mimi. Aliyeona alijua mapema, na chai yake akaiacha chini ya meza. Aliyemleta daktari ndiye aliyeuacha ukumbi bila macho. Aliyemtoa mzee ndiye aliyekuwa amemfungia. Ukimwondoa mmoja wao, mzee amekufa. Na barua inataka jina moja, na kesho ni Ijumaa.

Wewe hapo, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika la nani? Na hao wawili ambao hukuwaandika, ungewaambiaje?