Nguchiro na Nusu Tatu

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa kitu au pakawa kelele?

"Pakawa kitu!"

Haya, kaeni. Mwenye kiazi mdomoni amalize kwanza, maana hadithi hii ina kuimba ndani yake na sitaki mtu apaliwe hapa kwangu.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wanyama walipokuwa wakilima, wakioana na kusengenyana kama sisi, kulitokea ukame. Nchi ilikauka yote, isipokuwa shamba la Tembo. Shamba hilo lilikuwa bondeni, penye chemchemi. Lilikuwa na viazi, lilikuwa na mihogo, lilikuwa na maboga. Na maboga yenyewe, jamani! Ukiligonga moja, linaitika ngo, ngo, ngo.

Siku moja Tembo akawaita wanyama wote. Akasema, "Ndugu zangu, nahamia kwa wakwe zangu, kule mvua imenyesha. Shamba nawaachia ninyi."

Wanyama wakapiga vigelegele. Tembo akainua mkonga.

"Ngojeni kwanza. Mwaka wa kwanza wa ukame niliwagawia chakula kwa ukubwa wa mwili. Kiboko akameza chote. Mwaka wa pili nikagawa kwa umri, mzee kwanza. Kila mtu akazeeka ghafla, hata Panya akaja na mkongojo! Mwaka wa tatu nikasema muingie shambani kwa zamu. Aliyeingia mwanzo akagoma kutoka. Nimechoka. Safari hii ni bahati nasibu. Tutapiga kura siku ya gulio. Mmoja atalipata shamba lote, na asiyepata asininunie."

Basi kuanzia siku hiyo nchi ikashikwa na ugonjwa wa swali moja. Ukienda kisimani, swali ni hilo. Ukienda msibani, hilo hilo. "Eti wewe, ukilipata, utafanya nini?"

Panya alisema atamwajiri Paka kazi ya kumchekesha. Twiga alisema atahamia katikati ya shamba asisikie tena habari za mtu. Kiboko alisema, "Nitalala." Wakamwambia, "Mbona sasa unalala?" Akasema, "Sasa nalala na mawazo."

Na wewe Sijaona, uliyekaa hapo mbele, ungelipata ungefanya nini?

"Ningeuza maboga, ninunue ng'ombe."

Ng'ombe achungwe na nani? Haya, kimya. Endelea kufikiri, sisi tunakwenda.

Sasa alikuwepo Nguchiro. Mwili wake mdogo, maswali yake marefu. Alikuwa na mke na watoto, na watoto wale walikonda mpaka mikia ikawazidi unene. Kila asubuhi mkewe alibandika sufuria la maji matupu, ili watoto wauone moshi watulie. Nguchiro akiuona moshi ule, moyo unamuuma. Akasema, "Shamba lile lisiponifikia, watoto wangu hawataiona mvua."

Akatoka, akaanza kuzunguka. Akamkuta Fisi.

"Kaka Fisi, ukilipata shamba utafanya nini?"

"Nitakula mpaka nisahau njaa inaitwaje."

"Na usipolipata?"

Hilo Fisi alikuwa hajalifikiria. Masikio yakamlala.

"Basi sikiliza," Nguchiro akasema. "Tuchanjiane, tuwe ndugu. Ukilipata wewe, nipe nusu. Nikilipata mimi, nakupa nusu. Iwe siri yetu."

Fisi akakubali. Wakachanjana chale kifuani, wakagusisha damu, wakala yamini. Na yamini yao ilikuwa wimbo. Imbeni nami:

*Changu nusu chako,*
*Chako nusu changu,*
*Atakayegeuka*
*Tumbo limvimbe, vii!*

"Tumbo limvimbe, vii!"

Ehee! Nguchiro akaondoka anachekelea. "Nilikuwa na bahati moja, sasa ninazo mbili. Kwa nini nisiwe na tatu?"

Akamkuta Nyegere.

"Kaka Nyegere, ukilipata shamba utafanya nini?"

"Nitalizungushia mizinga pande zote, nilale nikisikiliza nyuki."

"Na usipolipata?"

Nyegere akakunja uso. Nguchiro akasema, "Tuchanjiane." Wakachanjana, wakala yamini:

*Changu nusu chako,*
*Chako nusu changu,*
*Atakayegeuka*

"Tumbo limvimbe, vii!"

Akafika nyumbani. Mkewe akamtazama kifua. "Baba watoto, hizo chale mbili za nini?"

"Miiba, mama watoto. Nimepita kwenye miiba."

"Miiba gani inayochanja sawasawa hivyo? Kama umekula yamini na watu wawili, ujue yamini si uji. Haujazwi tu kwenye kila kikombe."

Nguchiro akacheka. Mwanamke atajua nini habari za bahati? Ndivyo alivyosema. Sijasema mimi, kwa hiyo msinitazame.

Kesho yake akamkuta Ngiri. Ngiri ni mtu mpole, hata akila anapiga magoti.

"Kaka Ngiri, ukilipata shamba utafanya nini?"

"Nitawaita watoto wangu wote mezani kwa pamoja. Sasa hivi wanakula kwa zamu."

"Na usipolipata?"

Ngiri akalengwa na machozi. Nguchiro akasema, "Usilie. Tuchanjiane." Wakachanjana, wakaimba, na wimbo mnaujua.

Nguchiro akarudi anaruka njia nzima. "Akilipata Fisi, nusu yangu. Akilipata Nyegere, nusu yangu. Akilipata Ngiri, nusu yangu. Nani mjanja kama mimi?"

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Huyu ameshika matatu! Na kuna jambo moja hakulihesabu. Mnalijua? Wewe unayejua, ziba mdomo. Usiwaharibie wenzako.

Siku ya gulio ikafika. Msimamizi wa kura alikuwa Bi Korongo, kwa sababu hali boga wala kiazi, yeye na vyura wake basi. Akaleta mtungi wenye shingo nyembamba. Ndani akatia mbegu za maboga, kila mnyama na mbegu yake, haikuzidi wala haikupungua. Mbegu zote nyeupe, moja tu ameipaka masizi.

"Ingiza mkono, chukua moja, funga ngumi," akasema. "Asifungue mtu mpaka niseme. Mwenye nyeusi ndiye mwenye shamba."

Wakapita mmoja mmoja. Kiboko mkono ulikwama, wakamchotea. Kila mtu akasimama na ngumi yake. Kimya! Ungemsikia chawa akitembea.

Nguchiro na udadisi wake, wapi! Akashindwa kuvumilia. Akafungua kidole kimoja, akachungulia.

Nyeusi.

Lo! Moyo ukamruka. Akaona boga, akaona sufuria, akaona watoto wanashiba. Kidogo apige kelele.

Mara akainua macho. Fisi anamkonyeza. Nyegere anatabasamu. Ngiri anatikisa mkia. Kila mmoja anamtazama yeye, ndugu yake wa damu, na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Jamani, kitu kizima kina nusu ngapi?

"Mbili!"

Hata Sijaona anajua. Nguchiro ndio kwanza anaihesabu hesabu hiyo, jasho linamtoka. Nusu ya Fisi. Nusu ya Nyegere. Na ya Ngiri itoke wapi? Na watoto wangu je? Na hawa watatu wakigundua, si watanirarua hapa hapa?

Akawaza upesi. "Nyeusi isipoonekana, kura itarudiwa. Apate mmoja wao, nami nile nusu yake."

Akajifanya anakohoa. Akaipeleka ngumi mdomoni, akaimeza ile mbegu. Mnaona mambo hayo? Ameshika shamba zima mkononi, analimeza ili apate nusu!

"Fungueni!" akasema Bi Korongo.

Ngumi zikafunguliwa. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Kwa Fisi nyeupe, kwa Nyegere nyeupe, kwa Ngiri nyeupe. Wanyama wakaanza kunung'unika. Bi Korongo akapita akiangalia kila kiganja, mpaka akafika kwa Nguchiro. Kiganja kitupu.

"Yako iko wapi?"

"Imeanguka, Bi Korongo. Mkono ulikuwa na jasho."

"Ilikuwa rangi gani?"

"Nyeupe, Bi Korongo. Nyeupe pepepe!"

Bi Korongo akakunja mguu mmoja, akafikiri. Akageuka kwa wanyama. "Nilitia mbegu kwa idadi ya vichwa. Nyeusi ilikuwemo, nimeipaka mwenyewe. Wenzake wote wameonyesha nyeupe. Basi iliyopotea ndiyo nyeusi. Hongera, Nguchiro! Shamba ni lako."

Wanyama wakamnyanyua juu juu. Nguchiro anapiga kelele, "Sitaki! Niteremsheni! Nawaomba kura irudiwe!" Wao wanasema, "Mwoneni, furaha imempanda kichwani."

Walipomteremsha, Fisi akaja. "Ndugu yangu wa damu, nusu yangu."

Nyegere akasikia. "Nusu yako? Nusu ni yangu."

Ngiri akasogea polepole. "Samahani ndugu zangu. Na mimi nilikuwa na nusu."

Wakatazamana. Wakaonyeshana vifua, chale moja, chale moja, chale moja. Wakamtazama Nguchiro, chale tatu. Hapo tumbo la Nguchiro likaanza kunguruma. Kama ni woga, kama ni yamini, kama ni ile mbegu, mimi sijui, sikuwemo tumboni.

Fisi akatoa meno. Bi Korongo akaingia katikati.

"Hapa hauawi mtu. Yamini imeliwa, italipwa. Fisi alianza, achukue nusu ya juu. Nyegere wa pili, achukue nusu ya chini."

"Na Ngiri?"

"Ngiri anamdai nusu shamba. Nguchiro atamlimia, kule ng'ambo ya chemchemi, kwenye kichaka, mpaka nusu itimie."

Ngiri akasema kwa upole, "Sitaki tumbo lako livimbe, ndugu yangu. Nataka nusu yangu tu."

Basi aliyeshinda bahati nasibu akaondoka gulioni hana hata ganda la kiazi, na jembe begani.

Mkewe akamfuata kichakani na watoto. Hakumtukana. Akaenda moja kwa moja kwa Ngiri, akasema, "Shemeji, tutakulimia. Maboga yako, viazi vyako. Majani ya maboga unayala?"

"Siyali mimi, shemeji."

"Basi tuachie sisi."

Ngiri akakubali. Chemchemi ilivuja mpaka kule ng'ambo, mbegu zikaota, majani yakatambaa, na kwa majani yale watoto wa Nguchiro wakapona. Hawakunenepa, lakini waliiona mvua.

Siku moja wanalima, mkewe akamuuliza, "Baba watoto, ulizunguka nchi nzima ukiwauliza watu wakilipata shamba watafanya nini. Je, wewe ungefanya nini?"

Nguchiro akasimamisha jembe. Akafikiri. Akafikiri tena.

"Sijui," akasema. "Sikuwahi kudhani kwamba nitalipata."

"Mimi nilidhani," mkewe akasema. "Ningewapikia watoto boga moja, zima. Kisha ningewaita hao hao akina Fisi, Nyegere na Ngiri waje wale. Wangekuja na watoto wao, na maboga yangebaki."

Nguchiro akainama, akalia hadharani, mbele ya watoto wake. Mkewe akamwacha alie, akaendelea kulima.

Na funzo ni hili, wanangu. Usiiuze bahati kabla haijafika, na ahadi moja usiwape watu watatu. Mwenye kukimbilia nusu za wenzake, kizima chake kikija hana pa kukiweka.

Hadithi imefika kwao, nami nafika kwangu. Mkiiona tamu, ibebeni mwende nayo. Mkiona imezidi chumvi, chumvi ni yangu, niachieni.