Kibao cha Udongo na Zimwi Mwenye Adabu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na kijiji cha wafinyanzi, na mto, na ng'ambo ya mto zimwi. Sogeeni, wanangu, wala asicheke mtu. Hii inaniuma hata mimi.

Basi, wafinyanzi walikuwa na kibao cha udongo, kikuukuu, kilichoandikwa na mabibi wa zamani: "Maadamu kibao hiki kimo kijijini, zimwi havuki mto." Mtunzaji wake alikuwa Bi Mashavu, mjane mwenye binti mmoja, Kazija.

Siku moja Bi Mashavu alikuwa mtoni akichimba udongo. Zimwi akasimama ng'ambo, amevaa kanzu, mkia ameuficha.

"Shikamoo, mama. Naazima kibao, sichukui. Kwako kitavunjika."

"Hapana."

Kesho yake akaja tena. "Naazima, mama, sichukui. Nina nyumba ya makumbusho."

"Nimesema hapana!"

Mara ya tatu zimwi akapiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili. "Naazima, mama, sichukui."

Ee, hapo ndipo alipompata! Wafinyanzi wale walikuwa na mwiko: anayeomba chombo kwa mikono miwili hanyimwi. Bi Mashavu akaona haya. Akakiweka kibao katika mtumbwi, zimwi akauvuta kwa kamba.

Kibao kilipogusa ng'ambo tu, zimwi akavuka. Akamkuta Kazija anafinyanga chungu, akambeba.

Basi mama akavuka mto, akakimbia hadi kwenye ile nyumba ya makumbusho. Kibao kimo ndani ya sanduku la kioo, safi, hakina hata ufa.

"Nipe kibao changu!"

"Tazama, usiguse," akasema zimwi.

"Ulisema unaazima!"

"Tazama, usiguse. Si nilikuambia kwako kingevunjika?"

Mama akageuka. Katika sanduku la pili la kioo ameketi Kazija, mikono ina udongo mbichi, chungu chake mapajani.

"Mwanangu! Nipe mwanangu!"

"Tazama, usiguse."

Akakipiga kioo kwa ngumi, kwa jiwe, kwa kichwa. Wapi! Kazija akaweka kiganja upande wa ndani, mama akaweka chake upande wa nje. Wakalia.

Zimwi akaja na kitambaa. "Samahani, mama," akasema, akafuta alama za vidole.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mngetaka imalizike vingine, hata mimi ningetaka. Kinachokulinda usimwazime mtu, hata akiomba kwa adabu. Mnyime, uitwe mchoyo, ulale na mwanao.