Kiti cha Nyuma, Upande wa Kushoto

Hapo zamani, ingawa zamani yenyewe haijafika hata miaka miwili, walikuwepo mume na mke hapa hapa Njombe, na walikuwa na mtoto mwenye kifua kibovu. Menyeni viazi huku mnasikiliza. Nikiona mtu kaacha kisu nanyamaza, na wageni wa harusi kesho watakula wali mtupu.

Mume aliitwa Erasto, mpasua mbao. Mke aliitwa Yusta, mwalimu wa darasa la pili. Mtoto aliitwa Luiza, ana miezi minane, na tangu azaliwe haukupita mwezi bila kulazwa. Baridi yetu mnaijua. Mwezi wa saba asubuhi majani yameganda, na wao walikuwa wakimpeleka mtoto hospitali kwa bodaboda, kafunikwa mablanketi mawili, na bado anafika midomo imebadilika rangi. Mara ya mwisho nesi alimwita Erasto pembeni akamwambia, "Baba Luiza, nikueleze ukweli. Mkimpandisha tena huyu bodaboda kwenye baridi hii, mtaniletea maiti. Tafuteni hata kigari kidogo cha kununua kwa mtu."

Wakamchukua fundi Sanga, mwanamume mmoja wa maneno machache, wakaenda kuchagua. Kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuchagua. Erasto alipiga teke matairi, kama wanaume wote wasiojua magari. Fundi alifungua boneti akanusa. Yusta yeye alifungua mlango wa nyuma, akamkalisha mtoto kitini, akasubiri.

"Gari tunamnunulia yeye," alisema. "Basi achague yeye."

Gari la kwanza lilikuwa jekundu. Erasto akapiga teke matairi, akasema zuri. Fundi akanusa, akasema, "Hili liligongwa mbele likanyooshwa." Yusta akamkalisha mtoto. Mtoto akalia. Wakaondoka.

Gari la pili lilikuwa jeupe. Erasto akapiga teke matairi, akasema zuri. Fundi akatazama usukani ulivyolika, akasema, "Hili kilomita zake zimerudishwa nyuma." Yusta akamkalisha mtoto. Mtoto akalia. Wakaondoka.

Gari la tatu lilikuwa Makambako, nyuma ya nyumba ya bwana mmoja anaitwa Mwalongo. Kigari cha bluu, kifupi, mlango wa nyuma unainuka juu, buti lake linatosha gunia moja la viazi na beseni. Erasto akapiga teke matairi. Fundi akanusa, akalala chini ya gari, akainuka. "Kavu," alisema. "Halijawahi kuguswa."

Yusta akamkalisha mtoto. Mtoto hakulia. Aligeuza uso kushoto, ambako hakuna mtu, akacheka. Kisha akanyoosha mikono vile watoto wanavyonyoosha wakitaka kubebwa.

Yusta akaweka kiganja pale kushoto. Kiti kilikuwa na joto. Siku ile jua halikutoka kabisa, na kiti kilikuwa na joto la mahali ambapo mtu ametoka kuinuka. Akamwita fundi. Fundi akagusa, akavuta mkono.

"Labda bomba la moshi linapita chini yake," alisema. Akalala chini tena kutazama. Bomba lilikuwa upande wa kulia, na injini ilikuwa haijawashwa. Aliinuka, akajipangusa vumbi, hakusema kitu. Nitamlaumu kwa hilo mpaka nizikwe.

Erasto akamgeukia mwenye gari. "Kaka, limewahi kupata ajali?"

"Halijawahi."

"Limewahi kugonga mtu?"

"Hata kuku."

"Sasa mbona unaliuza?"

Mwalongo akatazama pembeni. "Hatuna tena safari nalo," alisema.

Majibu yote matatu yalikuwa ya kweli. Wakanunua, wakarudi nalo Njombe, na Luiza alilala njia nzima bila kukohoa.

Sasa niwaambie ambacho Mwalongo hakuulizwa na hakusema. Alikuwa na binti wa miaka minne, Tabita. Tabita alipatwa na malaria ya kichwani, wakamlaza kwenye gari lile, kiti cha nyuma, upande wa kushoto, kichwa mapajani mwa mama yake. Mama yake anaitwa Editha. Baba akakanyaga mafuta, mama akawa anamwimbia mtoto. Kabla taa za hospitali hazijaonekana, mtoto akakata roho, na mama akaendelea kuimba kwa sababu hakuwa amejua.

Ukoo wao una desturi. Mtu akifia njiani, siku ya kuanua matanga wanakwenda mahali alipokatia roho. Wanamwita kwa jina, wanamwambia twende nyumbani, wanaongozana naye mpaka kaburini bila kugeuka nyuma. Mwalongo hakuisubiri siku hiyo. Kila akitoka uani analiona gari, na kila akiliona anarudi ndani. Editha alikuwa kwa mama yake Lupembe, hali, haongei, na mumewe akaliuza bila kumwambia, matanga hayajaanuliwa. Siku ilipofika, watu wakaenda barabarani, wakasimama pale ambapo gari lilikuwa limepita, wakaita. Waliita mpaka wakachoka. Aliyekuwa akiitwa alikuwa huku kwetu, ameketi na Luiza.

Mimi mjumbe wenu naishi nyumba ya tatu kutoka kwa akina Erasto, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Asubuhi gari lile lilikuwa linafunikwa na barafu nyembamba kila mahali, isipokuwa kioo cha nyuma kushoto. Kioo kile kilikuwa na ukungu kwa ndani, ukungu wa pumzi. Siku moja Yusta alinifungulia nikaufuta mwenyewe kwa kitenge changu. Nikafunga mlango, nikahesabu mpaka thelathini, ukungu ukarudi. Nilikwenda nyumbani nikakaa jikoni karibu na moto, na siku ile sikutoka tena.

Lakini mtoto akapona, jamani. Ndani ya gari lile Luiza alipumua kama watoto wengine. Miezi mitano hakulazwa. Akikohoa usiku, asubuhi wanamkalisha garini nusu saa, kifua kinafunguka. Yusta akawa anasahihisha madaftari humo humo, mtoto pembeni anacheza na asiyeonekana. Na neno la kwanza Luiza kulitamka halikuwa mama wala baba. Alisema, "Tabi." Yusta akaniuliza mimi, "Mjumbe, kuna mtoto gani hapa mtaani anaitwa Tabi?" Nikamwambia hakuna.

Kisha ikatokea ile asubuhi ya ukungu. Wanashuka kwenda kliniki, Erasto anaendesha, haoni hata mita kumi mbele. Mara mlango wa nyuma kushoto ukafunguka wenyewe, gari linakwenda. Mlango ule fundi alikuwa ameuwekea loki ya watoto, haufunguki kwa ndani. Yusta akamkumbatia mtoto, Erasto akafunga breki, akashuka na hasira zake aende kuufunga. Alipoinua macho aliona, hatua nane mbele ya boneti, lori la nguzo limelala barabarani bila taa. Nguzo zilikuwa zimewaelekea. Erasto akakaa chini pale pale kwenye lami, mwanamume mzima.

Tangu siku hiyo Yusta akipanda gari anasalimia kwanza. Mumewe alimkataza mara moja tu, baadaye na yeye akawa anasalimia.

Mnaweza kusema ni bahati, kwamba mtoto alikuwa anakua na kifua kinajitengeneza chenyewe. Erasto alisema hivyo pia. Basi gari likapelekwa kwa fundi siku mbili, na mwalimu mkuu akawaazima lake, kubwa, lina joto lake la kuwasha kwa kitufe. Luiza hakufika nalo hata stendi. Walimshusha kucha zimebadilika rangi, akawekewa oksijeni, na daktari akamwuliza Yusta kwa nini amechelewa kumleta. Alikuwa hajachelewa.

Basi. Jumamosi moja Yusta anatoka sokoni, mtoto mgongoni, kabichi mkononi, anamkuta mwanamke amesimama kwenye gari lake, kiganja kwenye kioo cha nyuma kushoto. Mwembamba, amejifunga kitenge cheusi.

"Kamwene, dada," Yusta akamsalimia. "Unamsubiri mtu?"

"Kamwene. Nimeshampata."

Yule mwanamke hakuondoa kiganja. "Anakusumbua?" aliuliza, taratibu kabisa. "Ukimwona ananyonya kidole, kitoe. Mimi nilikuwa nakitoa."

Na Luiza, mgongoni, akanyoosha mkono kwenye kioo akasema, "Tabi."

Editha akaanguka magoti kwenye tope la sokoni. Alikuwa amelitafuta gari lile mwaka mzima, mji kwa mji, akitazama namba za magari ya watu, na watu wakimwona amerukwa na akili.

Siku ya pili, saa saba mchana, wote walikuwa uani kwa Erasto. Mwalongo alikuwa amemfuata mke wake. Wakaniita mimi nisikilize. Gari lilikuwa katikati yetu, ufunguo umewekwa juu ya boneti. Hakuna aliyeketi.

Mwalongo akaanza. "Mjumbe, mimi ndiye mkosaji, sibishi. Nilikuwa nauza gari nikamwuza mwanangu. Sitaki gari. Naomba niachiwe nimwite mara moja, niongozane naye mpaka kaburini kwake. Miaka minne tu aliishi. Sasa mwaka mzima anapandishwa na kushushwa milima na watu asiowajua. Mtoto anachoka. Nikishamtoa, gari lirudi kwa wenyewe."

Editha akamgeukia. "Ulimwuza mimi nikiwa kitandani, na leo unataka kumzika mara ya pili. Mimi sikumuaga. Alikata roho mapajani mwangu, na mimi naimba, sikujua. Naomba gari lije likae uani kwangu, matairi yatolewe, lisiende popote. Nitakaa naye. Ninyi mlimpata kwa kununua. Mimi nilimzaa."

Yusta alikuwa analia tangu mwanzo, lakini aliongea bila kukwama. "Dada Editha, usiku kucha sikulala kwa ajili yako. Lakini wako amekufa na wangu yu hai. Akiitwa akaondoka, kiti kinapoa. Likienda kwako, kiti kinakwenda na wewe. Vyovyote vile mimi narudi hospitali na mtoto asiyepumua. Na sikumwiba. Nilimkalisha wangu, wako akampokea. Siku ile ya lori, nani alimlazimisha kufungua mlango? Alifungua kwa sababu anatupenda."

Editha akamtazama. "Alifungua kwa sababu alitaka kushuka," akasema.

Erasto akaweka mkono juu ya paa la gari, akautoa. Nilijikuta natazama kile kiti, maana sikuweza kusema yupi kati yao amesema kweli. Kama anampenda Luiza, kumtoa ni ukatili. Kama amefungiwa, kumwacha ni ukatili zaidi. Na mtoto wa miaka minne anaweza kupenda na kutaka kwenda kwao kwa wakati mmoja. Tumelea, tunajua.

Wakasema, "Mjumbe, amua." Nikawaambia mimi naamua mipaka ya viwanja na mbuzi waliokula mahindi, jambo kama hili sijawahi kuletewa. Wakasema hawana mwingine. Mwalongo akachukua ufunguo akaniwekea mkononi, na Editha hakumzuia, na Yusta hakumzuia. Luiza alinitazama mimi, si mama yake.

Ufunguo ninao. Ninao hapa, kwenye fundo la kitenge, tangu juzi unanichoma kiunoni. Kesho kutwa asubuhi wanakuja wote watatu kuuchukua, na fundi Sanga amesema atakuja pia, kama akihitajika kutoa matairi. Mimi nimeomba, nimelia, nimegombana na mume wangu ambaye anasema nilitupe lile gari korongoni, mtu mwenyewe hajawahi kulea hata kifaranga.

Kwa hiyo nawauliza ninyi, na sitaki mtu aniambie ataenda kufikiri. Baba anataka mwanawe apumzike. Mama aliyemzaa hakumuaga. Mama mwingine mwanawe anapumua humo tu. Aliyewahi kuzika mtoto ajibu kwanza, halafu mwenye mtoto anayenyonya. Je, ni nani kati yao anayestahili kupewa ufunguo?